Simu zimepungua au zimeongezeka? Inategemea unahesabu nini

Ukiuliza kama watu wanapigiana simu zaidi kuliko zamani, utapata majibu mawili yanayogongana, na kila moja litakuja na takwimu zake. Mmoja atakuambia simu ya sauti inakufa: nchini Uingereza, dakika zilizozungumzwa kupitia simu za mezani zilishuka kutoka takriban bilioni 103 mwaka 2012 hadi bilioni 54 mwaka 2017, karibu nusu ndani ya miaka mitano. Mwingine atakuambia dunia haijawahi kuongea kwa simu kama sasa: mwaka 2018 WhatsApp ilitangaza kwamba watumiaji wake wanazungumza kwa zaidi ya dakika bilioni 2 kila siku. Hebu piga hesabu. Kwa kasi hiyo, programu moja inazimaliza dakika zote za mwaka mzima za simu za mezani za Uingereza ndani ya siku 27.

Hakuna anayedanganya hapo. Shida ni kwamba matumizi ya simu yanaweza kuhesabiwa kwa namna tatu, na watu huzichanganya kila mara. Unaweza kuhesabu laini, yaani ni nyumba ngapi au watu wangapi wameunganishwa. Unaweza kuhesabu simu zilizopigwa. Au unaweza kuhesabu dakika zilizozungumzwa. Vitu hivi vitatu havitembei pamoja. Laini zinaweza kupungua bila mtu yeyote kuongea kidogo zaidi. Simu zinaweza kubaki zile zile huku dakika zikipanda karibu mara tatu. Na mara nyingi kinachovitenganisha si hamu ya watu kuongea. Ni bei, ni mtambo, ni nani anayelipa.

Njia nane kwa watu watatu

Mtu aliyelifikisha jambo hili kwenye hesabu alikuwa Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa la kibiashara kabisa: kampuni iweke njia ngapi za kupitisha maongezi ili wateja wasikutane na mlio wa "laini inatumika" kila wanapopiga, lakini pia isizike fedha kwenye nyaya zinazolala bila kazi? Alichapisha andiko lake la kwanza juu ya suala hilo mwaka 1909, na mwaka 1917 ikafuata fomula ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Tangu 1946, kizio cha kupimia msongamano wa simu kinaitwa erlang.

Tuchukue mtambo mdogo wa kuunganisha simu unaopokea simu 60 kwa saa, kila moja ikidumu dakika 3 kwa wastani. Hizo ni dakika 180 za maongezi ndani ya dakika 60, kwa hiyo kwa wastani kuna watu watatu walio hewani wakati wowote. Ni erlang 3. Asiyejua atasema basi, weka njia 3. Ukifanya hivyo, zaidi ya theluthi moja ya wapigaji watakuta njia zimejaa, kwa sababu watu hawapigi simu kwa zamu. Wanapiga kwa mafungu, kisha kunakuwa kimya. Ukiweka njia 6, atakayekwama ni takriban mmoja kati ya ishirini. Ukiweka 8, hafiki hata mmoja kati ya mia. Njia nane kwa maongezi matatu: zaidi ya nusu ya mtambo unakaa bure muda mwingi, na hiyo ndiyo gharama ya kumfanya mteja apate simu anapopiga mara ya kwanza.

Nimeikalia hesabu hii kwa sababu ndiyo inayoeleza bei za simu kwa karne nzima. Kampuni inajenga kwa ajili ya saa ile moja yenye shughuli nyingi. Usiku mtambo upo pale pale, umeshalipiwa, na hauna kazi. Ndiyo maana simu za mchana zilikuwa ghali, za usiku na mwisho wa wiki zikawa rahisi, na familia zikazoea kusubiri saa ya bei nafuu ndipo zipige za mbali. Tabia ya kupiga simu jioni, ambayo wengi wanaidhani ni mila tu, ilitengenezwa kwa kiasi kikubwa na jedwali la bei.

Simu ya nyumba, si ya mtu

Alexander Graham Bell alipata hataza yake ya simu, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, Machi 1876. Januari 1878, katika mji wa New Haven nchini Marekani, ukafunguliwa mtambo wa kwanza wa kibiashara wa kuunganisha simu, ukiwa na wateja 21. Hapakuwa na kubonyeza namba. Unainua kipokezi, unamwambia opereta unamtaka nani, naye anachomeka waya kwenye tundu lake. Kazi hiyo mwanzoni walipewa vijana wa kiume, ambao walijulikana kwa kuwajibu wateja hovyo. Septemba 1878 Emma Nutt akaajiriwa mjini Boston kama opereta wa kwanza mwanamke, na kazi hiyo ikawa ya wanawake kwa vizazi kadhaa.

Opereta alikuwa kikomo cha idadi ya simu. Mikono ni miwili, na simu haiunganiki mpaka mmoja wao awe na nafasi. Aliyekipasua kikomo hicho hakuwa mhandisi bali mzikaji wa mjini Kansas City, Almon Strowger, aliyepata hataza ya mtambo wa kujiunganisha wenyewe mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimshuku opereta kuwaelekeza wafiwa kwa mshindani wake. Mtambo wake wa kwanza ulianza kazi La Porte, Indiana, mwaka 1892. Hata hivyo simu za masafa marefu ziliendelea kupitia kwa opereta kwa miongo mingi: Marekani ilianza majaribio ya mteja kujipigia mwenyewe simu ya mbali mwaka 1951, na Uingereza ikafuata Desemba 1958, Malkia Elizabeth II alipopiga simu kutoka Bristol hadi Edinburgh bila kupitia kwa mtu.

Bei za mbali zilikuwa za kutisha. Laini ya kutoka New York hadi San Francisco ilipozinduliwa Januari 1915, dakika tatu za kwanza ziligharimu dola 20.70. Mwaka 1927 simu ya redio kati ya London na New York ilianza kwa pauni 15 kwa dakika tatu. Na nyaya zenyewe zilikuwa chache. Mkongo wa kwanza wa simu chini ya Bahari ya Atlantiki, uliozinduliwa mwaka 1956, uliweza kubeba mazungumzo 36 kwa wakati mmoja, yaani watu 36 upande huu na 36 upande ule. Katika hali hiyo dakika ya simu ilikuwa bidhaa adimu, na simu ya mbali ilimaanisha msiba, harusi au biashara kubwa.

Za karibu zilikuwa na hadithi tofauti, na hapa nchi ziliachana njia. Marekani, sehemu kubwa ya wateja walilipa ada ya mwezi na simu za mtaani hazikuhesabiwa. Ulaya, mita ilihesabu hata simu ya kwenda nyumba ya pili. Matokeo yake Wamarekani walikaa kwenye simu kwa muda mrefu kuliko Wazungu wa Ulaya, na kuna walioandika kwamba ni tofauti ya tabia za kitaifa. Mimi naona ni tofauti ya mita. La ajabu ni kwamba kampuni za mwanzo kule Marekani hazikupenda kabisa soga. Zilitangaza simu kama chombo cha kazi, dharura na kuagiza bidhaa, na maongezi ya kujuliana hali yakaonekana ni kupoteza njia. Ilichukua hadi miaka ya 1920 kwa wauzaji kugundua kwamba soga ndiyo biashara yenyewe.

Jambo jingine linalosahaulika: namba ya mezani ilikuwa ya mahali. Ulipiga nyumbani au ofisini, na yeyote aliyekuwa karibu alipokea. Simu nyingi ziliishia kwa "hayupo, piga tena baadaye", nyingine ziliita bila kupokewa, nyingine zilikutana na laini inayotumika kwa sababu binti wa nyumba alikuwa hewani na rafiki yake. Kwenye vitabu vya kampuni, zote hizo hazikuwa mapato, lakini zilikuwa mzigo kwenye mtambo. Ukilinganisha idadi ya simu zilizopigwa zamani na sasa, sehemu ya simu za zamani ilikuwa ni kumtafuta mtu tu.

Kilele kilichotengenezwa na modemu

Watu wengi wakichora picha ya simu ya mezani wanaiona ikipanda, kisha simu ya mkononi inakuja, kisha ya mezani inaporomoka. Picha hiyo inaruka sura moja muhimu. Katika miaka ya 1990, kilichozijaza laini za mezani haikuwa sauti ya binadamu. Ilikuwa kompyuta.

Intaneti ya wakati ule ilipita kwenye waya wa simu. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya huo, inapiga namba, inapiga kelele zake, kisha inashikilia laini mpaka mwenyewe achoke. Rudi kwenye mtambo wetu wa simu 60 kwa saa na njia 8. Chukua simu 6 tu kati ya hizo 60, zigeuze kuwa za modemu za saa nzima, zilizobaki 54 ziendelee na dakika zao 3. Idadi ya simu haijabadilika: ni 60. Idadi ya laini haijabadilika. Lakini dakika zimeruka kutoka 180 hadi 522, na mtambo uliokuwa ukimkwamisha mtu mmoja kati ya mia sasa unakwamisha zaidi ya robo ya wapigaji. Hakuna aliyeongea zaidi. Watu sita wameingia mtandaoni.

Hili halikuwa zoezi la darasani. Desemba 1996 kampuni ya intaneti ya AOL ilianza kuwatoza wateja wake wa Marekani dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Wateja wakaacha modemu zao zikiwa zimeunganishwa, na wengine wakabaki kusikia mlio wa "laini inatumika" usiku kucha. Nyumba nyingi zikaomba laini ya pili, moja ya kuongea na moja ya intaneti au faksi. Laini za mezani Marekani zikafika kilele chake mwishoni mwa mwaka 2000, takriban milioni 192.

Kisha ikaja intaneti ya kasi, isiyohitaji kupiga namba, na laini za pili zikakatwa. Kwenye grafu ilionekana kama watu wameanza kuikimbia simu. Ukweli ni kwamba sehemu ya anguko hilo la mwanzo ilikuwa ya modemu kuhama, si ya wanadamu kunyamaza. Duniani kwa ujumla, laini za mezani ziliendelea kuongezeka hadi karibu mwaka 2006, zikapita bilioni 1.2, ndipo zikaanza kushuka.

Namba inahamia mfukoni

Simu isiyo na waya ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1946, mjini St. Louis, ilianzishwa huduma ya simu za ndani ya magari. Tatizo lilikuwa lile lile la Erlang, ila angani: masafa ya redio ni machache kuliko nyaya. Mwaka 1976 huduma ya kampuni ya simu ya Bell jijini New York ilikuwa na chaneli 12 kwa wateja 545, na maelfu wakisubiri nafasi. Suluhisho lilikuwa kuligawa jiji katika maeneo madogo, kila moja na mnara wake wenye nguvu kidogo, ili masafa yale yale yatumike tena mtaa wa mbali kidogo. Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza kwa kifaa cha mkononi Aprili 1973. Tokyo ikapata mtandao wa kibiashara mwaka 1979, nchi za Skandinavia na Ufini zikafuata kuanzia 1981, na mwaka 1991 Ufini ikawasha mtandao wa kwanza wa GSM, mfumo wa kidijitali wa simu za mkononi.

Mitambo ni nusu tu ya habari. Iliyobaki ni malipo. Katikati ya miaka ya 1990, kuanzia Ureno mwaka 1995, zilianza kuuzwa laini za malipo ya kabla: hakuna mkataba, hakuna kukaguliwa kipato, unanunua muda wa maongezi na ukiisha umeisha. Kwa mtu asiye na mshahara wa mwezi wala anwani ya kupelekewa bili, huu ndio mlango uliofunguka. Kambodia ilikuwa imeshakuwa nchi ya kwanza, mwaka 1993, ambako simu za mkononi zilizidi za mezani, kwa sababu rahisi kwamba za mezani hazikuwapo za kuzidi. Dunia nzima ilivuka mstari huo mwaka 2002.

Hapa lazima niweke onyo kuhusu hesabu ya laini. Simu ya mezani moja ilihudumia watu watano au kumi. Laini ya mkononi ni ya mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa na laini mbili au tatu, kila moja ya kampuni yake, ili apige kwa bei ya ndani ya mtandao mmoja. Ukisoma kwamba nchi fulani ina laini nyingi kuliko watu, usidhani kila mtoto mchanga ana simu. Kipimo kile kile kilichokuwa kikihesabu watu wachache kuliko waliopo, sasa kinahesabu wengi kuliko waliopo.

Nani alilipa pia iliamua nani alipiga. Marekani na sehemu chache nyingine, mwenye simu ya mkononi alilipia hata simu alizopokea. Basi watu walizima simu zao, wakaficha namba zao, na mezani ikaendelea kutawala kwa muda mrefu zaidi. Sehemu kubwa ya dunia ilichagua mpigaji ndiye alipe. Kupokea kukawa bure, namba zikasambaa, na mtu asiye na salio hata kidogo akabaki anapatikana.

Mfumo huo wa pili ndio ulioizaa kubipu. Unapiga, inaita mara moja au mbili, unakata kabla haijapokewa. Mwenzako anaelewa kwamba umefika, au kwamba anatakiwa apige yeye. Watafiti waliofuatilia tabia hii, akiwemo Jonathan Donner aliyeichunguza Rwanda, walikuta ina kanuni zake: mwenye uwezo ndiye anayepigiwa bipu, na anayetaka fadhila hapaswi kubipu. Ukiitazama kwa vipimo vyetu, kubipu ni simu iliyopigwa yenye dakika sifuri. Inaleta ujumbe kamili, inatumia mtambo, na haiingizi hata senti. Kampuni hazikuifurahia, na baadaye zikaigeuza huduma rasmi: ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie".

Tofauti nyingine ni urefu wa simu. Katika miaka yake ya mwanzo simu ya mkononi ilichukua maongezi mafupi: uko wapi, nimefika, ongeza hiki. Maongezi marefu yalisubiri mezani, kwa sababu dakika ya mkononi ilikuwa ghali mara kadhaa. Kwa hiyo mtu aliyehesabu simu zilizopigwa aliona mkononi ikishinda mapema. Aliyehesabu dakika aliona mezani bado iko imara. Vifurushi ndivyo vilivyofunga pengo. Mwaka 1998 AT&T ilianza kuuza fungu la dakika linalotumika popote Marekani, bila kutofautisha mbali na karibu. Umbali, uliokuwa ndio msingi wa bei tangu siku za opereta, ukaanza kufa. Barani Ulaya wadhibiti walibana kile ambacho kampuni moja huitoza nyingine kwa kupokea simu yake, mpaka kufikia senti 0.2 ya euro kwa dakika kwa mitandao ya mkononi mwaka 2024. Ukiwa na dakika usizoweza kuzimaliza, hakuna tena sababu ya kuinua kipokezi cha mezani.

Takwimu nzuri kuliko zote za kuhama huku, kwa maoni yangu, hazikutoka kwenye kampuni ya simu. Zimetoka kwenye taasisi ya afya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Marekani huuliza kaya kama zina simu ya mezani, kwa sababu tafiti nyingi za afya zilikuwa zikifanywa kwa kupiga simu za nyumbani, na watafiti walitaka kujua wanawakosa akina nani. Mwaka 2003 kaya zenye simu za mkononi pekee zilikuwa chini ya asilimia 5. Katika nusu ya pili ya 2016 zikavuka nusu ya kaya zote kwa mara ya kwanza, asilimia 50.8. Walioitupa mezani mapema walikuwa vijana, wapangaji na wenye kipato kidogo, yaani watu ambao utafiti wa afya hauwezi kumudu kuwakosa.

Dakika zinazotoroka mita

Desemba 1992 ulitumwa ujumbe mfupi wa kwanza, wa kutakiana Krismasi njema. Kwa miaka michache ulikuwa kama mchezo. Baadaye ukachukua kazi yote ya "nimefika" na "nachelewa dakika kumi". Zile simu fupi zilizokuwa zimehamia mkononi zikageuka maandishi. Kwa hiyo idadi ya simu ikapungua, lakini wastani wa urefu wa zilizobaki haukupaswa kushuka pamoja nayo, maana zilizoondoka ndizo zilikuwa fupi. Anayetazama idadi peke yake ataona watu wameacha kuongea.

Skype, programu ya kupiga simu kupitia intaneti, ilizinduliwa mwaka 2003 na ikawafundisha watu kwamba simu ya kimataifa inaweza kuwa bure (yenyewe ilifungwa Mei 2025, ikiwa imepitwa na wanafunzi wake). WhatsApp iliongeza simu za sauti mwaka 2015, na ni karibu na wakati huo dakika za simu za kimataifa zinazopita kwenye kampuni za simu zilipoanza kupungua, baada ya kupanda kwa miongo mingi. Wanaoishi mbali na kwao hawakuacha kupiga nyumbani. Waliacha kulipa kwa dakika.

Kiufundi tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Simu ya kidijitali ya mezani ilipima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kutumia kilobiti 64 kila sekunde. GSM ya mwanzo ilibana sauti hadi kilobiti 13. Kwenye mtandao wa 4G, hata simu ya kawaida ya kampuni husafiri kama vifurushi vya data, sawa na ya programu. Zote mbili zinapita mnara mmoja na mkongo mmoja. Moja inaandikwa kwenye kumbukumbu kama dakika, nyingine kama megabaiti. Mdhibiti wa mawasiliano anayekusanya dakika kutoka kwa kampuni za nchi yake anaiona ya kwanza tu. Ya pili inajulikana kwa mwenye programu, ambaye hutoa namba anapopenda, kama WhatsApp ilivyotangaza kwamba mkesha wa mwaka mpya wa 2021 ulikuwa na simu bilioni 1.4 za sauti na video.

Mwanzo wa 2020 ulikuwa mtihani wa ghafla. Watu walipofungiwa majumbani, wengi walitarajia intaneti ndiyo izidiwe. Simu za kawaida nazo zikalipuka. Kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani ilisema inahudumia wastani wa simu za mkononi milioni 800 kila siku ya kazi, zaidi ya mara mbili ya Siku ya Mama, ambayo kwa kawaida ndiyo kilele cha mwaka, na kila simu ilikuwa ndefu kwa asilimia 33 kuliko kabla. Wale waliosema simu ya sauti imekufa walipaswa kueleza hizo zimetoka wapi. Jibu langu ni kwamba simu ilikuwa imeachiwa kazi moja iliyokuwa ikiifanya vizuri siku zote, kusikia sauti ya mtu, na kazi hiyo ghafla ikaongezeka.

Lakini kuna upotevu wa kweli pia, na hauonekani kwenye dakika wala laini. Ni kupokea. Simu ya mezani ilipoita, mtu aliipokea, kwa kuwa hakujua ni nani. Sasa skrini inaonyesha namba, kupiga kumekuwa rahisi mno, na matapeli na mashine za matangazo zinapiga kwa mamilioni. Utafiti wa mwaka 2020 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta kwamba ni asilimia 19 tu ya Wamarekani watu wazima ambao kwa kawaida hupokea namba wasiyoijua. Kituo hicho hicho kiliona wanaokubali kuhojiwa kwa simu wakishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Daktari anayepiga kutoa majibu ya vipimo, mwalimu, dereva aliyeokota mkoba wako, wote wanaingia kwenye kundi moja na tapeli. Simu zilizopigwa zinaweza kuwa nyingi kuliko wakati wowote na bado simu zinazofika zikawa chache.

Laini yenye dakika sifuri

Sasa nyaya za shaba zenyewe zinazimwa. Estonia na Uholanzi zimeshamaliza kuuondoa mfumo wa zamani wa simu. Uingereza ilipanga kumaliza Desemba 2025, kisha ikasogeza hadi Januari 2027. Ukiangalia dakika, uamuzi ni rahisi: mtambo mzima unatunzwa kwa ajili ya maongezi yanayopungua kila mwaka.

Sababu ya Uingereza kusogeza tarehe haimo kwenye dakika. Waya wa shaba hubeba umeme wake kutoka kituo cha simu, takriban volti 48, kwa hiyo simu ya mezani ya kawaida inafanya kazi hata umeme wa nyumba ukikatika. Inayopita kwenye intaneti inazima pamoja na taa, isipokuwa kuwe na betri. Na kwenye laini hizo kumening'inizwa vitu vingi visivyoongea: kengele za lifti, mashine za kadi, na vifaa ambavyo wazee na wagonjwa huvaa shingoni ili wabonyeze wakianguka. Mwishoni mwa 2023, baada ya baadhi ya vifaa hivyo kushindwa kuita msaada wateja walipohamishiwa mfumo mpya, serikali ilizitaka kampuni zisitishe kuwahamisha watu kwa lazima. Kifaa cha aina hiyo kinaweza kukaa mwaka mzima bila kupiga hata simu moja, na kwenye takwimu kikaonekana kama laini iliyokufa.